Mpishi wa Lango la Ukungu

"Farasi tena?" bibi Esha aliuliza, na jiwe lake likabaki hewani. "Da Mwamini, huyu farasi iko na mwisho kweli?"

"Sijui, bibi. Ninasoma kilichoandikwa."

"Basi mwenye kuandika iko na shida kwake."

Wanawake wakacheka, mawe yakaanza tena kugonga. Mwamini alikibana kitabu kwa kiwiko, akalamba kidole cha mkono wa kushoto, akafungua ukurasa wa themanini na tisa. Farasi alikuwa bado anapanda mlima. Alianza kuupanda katika ukurasa wa sabini na nne.

Walikuwa wanawake sita chini ya kibanda cha makuti, nyuma ya kinu cha mawese, hatua kama mia mbili kutoka ziwani. Kila mmoja alikuwa na jiwe bapa mbele ya magoti na jiwe la kugongea mkononi. Kazi yao ilikuwa kuvunja kokwa za chikichi zilizokwisha kukamuliwa na kutenga viini na maganda. Viini vilikwenda Bujumbura. Maganda waliyachukua wahunzi wa pale Rumonge. Mwamini alikuwa wa saba, naye havunji. Mwaka uliofuata uhuru, pipa la mawese yanayochemka lilipinduka karibu naye, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikajikunja na kugoma kukunjuka. Alichobaki nacho ni macho mazuri, madarasa matano ya shule, na sauti isiyokauka upesi.

Kwa hiyo alisoma. Kila mwanamke aliyejaza ungo wake alitupa konzi moja ya viini katika ungo wa Mwamini kabla ya kumimina vyake guniani. Waliiita fungu la msomaji. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Lilianza lenyewe miaka miwili nyuma, pamoja na kitabu cha kwanza.

Kitabu cha kwanza walikuwa wamekisoma mara tatu. Kilisimulia watu saba waliotumwa kuitafuta ngoma inayoamsha jua. Kiongozi wao alikuwa binti aitwaye Tamasi, lakini waliyempenda wanawake wa kinuni alikuwa Gubu, mpishi, mtu mnene aliyebeba sufuria kichwani na kugombana na majini juu ya kiasi cha chumvi. Mwishoni daraja la mawe lilivunjika, majibwa ya ukungu yaliyowafukuza yakatumbukia korongoni yote, na Lango la Ukungu likaanza kujifunga. Wenzake walipita. Gubu alirudi kuchukua sufuria. Lango likajifunga. Chini yake mwandishi alikuwa ameweka mstari mmoja tu, kwamba mengine yako katika kitabu cha pili.

Mwamini alimwagiza mwenye mashua wa Kigoma mara nne. Kitabu cha pili kilifika mwezi wa nane, mwaka ule wa sabini na mbili, kimefungwa ndani ya kitenge kisilowe.

Na sasa alikuwa na hasira nacho. Haikuwa hasira ya kelele. Ilikuwa hasira ya mtu anayehesabu makosa. Kurasa thelathini za mwanzo zilikuwa za mwana wa mfalme aitwaye Arobe, ambaye hakuna aliyekuwa amemwomba aje, mwenye farasi, mwenye upanga uliopewa jina, na mwenye huzuni isiyotajwa sababu. Tamasi, aliyeogelea tangu ana miaka minne, sasa aliogopa maji. Mlima ulikuwa kaskazini katika ukurasa wa kumi na mbili, na katika ukurasa wa hamsini ukawa mashariki. Mwamini aliweka alama ya penseli pembeni mwa kila kosa, kwa mkono wa kushoto, kwa herufi ndogo. Hakuwaambia wenzake. Aliona kwamba kosa la mtu halitangazwi kabla halijahakikishwa, na labda mbele kungekuwa na maelezo. Mbele hakuchungulia kamwe. Hiyo ilikuwa sheria yake: walichokisikia wao ndicho alichokisikia yeye, saa ileile.

"Na mpishi?" Pascasie aliuliza.

"Bado."

Pascasie aliuliza hivyo kila siku, mara moja tu, bila kuinua uso. Alikaa mwisho wa mkeka. Mume wake, Roger, alikuwa mwalimu. Mwezi wa tano, asubuhi ya Jumanne, alipanda lori la askari pamoja na wanaume wengine, wakaambiwa ni maswali machache. Aliliacha koti lake mlangoni kwa sababu angerudi kabla ya baridi ya jioni. Ulikuwa sasa mwezi wa tisa. Pascasie hakuweka matanga wala hakuvaa nguo za msiba, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza sababu. Mwaka ule watu walikuwa wamejifunza kutouliza.

Katika ukurasa wa tisini na tatu baiskeli ilisimama nje ya kibanda. Alikuwa Hubert, mdogo wake Roger, ametoka Minago, suruali imefungwa kamba kwenye kifundo ili isinaswe na mnyororo.

"Amahoro," alisema.

"Amahoro."

Hakuongeza neno. Msomaji hakatizwi mpaka sura ifungwe. Hata mwenye kinu aliifuata desturi hiyo. Hubert akapindua debe, akakaa. Mfukoni mwa shati lake ilitokeza ncha ya karatasi, na wanawake wote walijua ni karatasi gani. Jumapili alikuja nayo kwa Pascasie. Pascasie alimwambia arudi Alhamisi, kinuni, ili Mwamini amsomee, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kusoma na Mwamini haruki mstari.

Karatasi ilihusu michikichi arobaini ya Roger kule Minago. Tangu mwenyewe aondoke, watu walikuwa wakikata mikungu mchana kweupe, kwa sababu shamba halikuwa na mtu wa kusimama mbele yao na kusema ni langu. Ukoo ukaandika kwamba Roger amefariki na shamba liwe mikononi mwa Hubert. Kilichobaki ni kidole gumba cha Pascasie. Akikiweka, atakuwa mjane kuanzia siku hiyo, na koti la mlangoni litakuwa nguo ya marehemu. Asipokiweka, michikichi itakuwa ya mwenye panga.

Mwamini aliendelea kusoma. Farasi akafika kileleni. Arobe akatazama bonde akahuzunika. Kisha, ukurasa wa tisini na saba, katikati, macho ya Mwamini yakatangulia mdomo kwa mstari mmoja, kama kawaida yao, na yakauona.

Alikuwa na nafasi ya pumzi moja. Angeweza kufungua ukurasa unaofuata. Hakuna ambaye angejua.

Akasoma: "'Mjumbe akafika kutoka nyuma, akasema kwamba Gubu mpishi aliliwa na majibwa ya ukungu siku ile ile lango lilipofungwa. Tamasi akainamisha kichwa. Kisha wakapanda, wakaendelea na safari yao.'"

Mawe yakanyamaza, moja baada ya lingine.

"Weye," bibi Esha alisema. "Soma tena."

Akasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Mwasiti, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwepesi wa kukasirika. "Farasi kurasa ishirini, mpishi mustari moja?"

"Mistari miwili na nusu," Mwamini alisema.

"Na majibwa gani yale? Si yalikufa yote? Yalianguka pale kwa daraja, sisi tukapiga makofi hapa hapa!"

"Yalianguka. Kitabu cha kwanza, ukurasa wa mia mbili na tatu. 'Halikubaki hata moja.' Daraja lilivunjika kwanza, lango likajifunga baadaye." Sauti ya Mwamini ilikuwa tulivu. "Amesahau. Mtu ameketi na wino wake na karatasi zake na mikono miwili mizima, akasahau alichokiandika mwenyewe. Hata kurudi kukisoma hakurudi. Alichoka na mpishi, akamtafutia jibwa."

Alichomoa penseli kutoka kwenye kilemba, akaandika pembeni: *Si kweli.* Akaandika na namba ya ukurasa. Penseli ikatoboa karatasi.

"Huyo mujumbe," Pascasie alisema. "Alimuona?"

Wote wakageuka.

"Anasema aliliwa," Mwamini alijibu.

"Nimesikia vile anasema. Ninauliza, alimuona?"

Mwamini akarudi kwenye mstari. Akausoma kimya, neno kwa neno, kama anayetafuta jiwe katika mchele. Mjumbe alifika kutoka nyuma. Nyuma ya wapi, haikuandikwa. Alikuwa upande gani wa lango, haikuandikwa. Lango lilikuwa limefungwa.

"Hapana," alisema. "Haikuandikwa kwamba alimwona. Hakuna aliyemwona."

"Basi," alisema Pascasie, akachukua kokwa nyingine.

Hubert alikohoa. Sura ilikuwa imefika mwisho. Chini ya mistari ile palikuwa peupe. Akatoa karatasi, akaikunjua, akampa Mwamini kwa mikono miwili.

"Da Mwamini, tusaidie. Musomee shemeji. Nina njia ndefu."

Mwamini akafunga kitabu. Akaisoma karatasi kwa sauti ileile na mwendo uleule. Majina ya mashahidi. Mipaka ya shamba, mto upande mmoja, njia upande mwingine. Hesabu ya miti. Kisha: "'Mali ya Roger, ambaye amefariki...'"

Akasimama. Katika miaka miwili hakuwahi kusimama katikati ya sentensi.

"Hubert," alisema. "Hapa pameandikwa amefariki. Ulimwona?"

"Da Mwamini! Hii si kitabu ya hadithi."

"Ndiyo maana ninauliza."

"Sikumuona. Nani alimuona? Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu!" Hubert aliinuka, debe likaanguka. "Unazani mimi ninapenda ile neno? Roger ni mukubwa wangu. Alinifundisha kuandika, na kwa huo mukono wenyewe ndiyo nimeandika hii. Lakini wiki jana walikata mikungu kumi na mbili. Niliwakuta. Waliniuliza, 'Shamba ni ya nani?' Ningewaambia nini? Ni ya muntu iko kwa lori?"

Neno hilo lilipotoka, bibi Esha alitazama upande wa barabara. Hakuna aliyekuwa akilitamka. Hubert mwenyewe akalisikia, akainamisha kichwa, akaliokota debe, akakaa tena taratibu.

Mwamini alijua kwamba Hubert yuko sahihi kuhusu mikungu. Alijua pia kwamba yuko sahihi kuhusu kila kitu kingine: mipaka ilikuwa sawa, hesabu ya miti ilikuwa sawa, mashahidi walikuwa watu wazima wenye akili. Ni neno moja tu lililoandikwa na mtu ambaye hakuona. Na neno hilo ndilo lililobeba karatasi nzima. Hasira iliyokuwa juu ya mwandishi asiyemjua haikupata mahali pa kutua. Hubert hakuwa amechoka na kaka yake. Alikuwa amechoka tu.

"Wewe unajua nini?" akamuuliza. "Usiniambie wanachosema. Unachojua."

Kando ya kinu, mtu alikuwa akimimina maji pipani.

"Ninajua hajarudi."

"Basi andika hivyo." Akamnyooshea penseli. "Futa 'amefariki'. Andika 'hajarudi'. Na shamba mdogo wake analitunza."

"Kwa biro ya serikali watakubali karatasi ya namna hiyo?"

"Sijui."

"Na wale wenye kukata mikungu?"

"Hao hawajui kusoma, wataona karatasi na kidole. Lakini sijui. Ninachokwambia ni kwamba hilo moja ni kweli."

"Hiyo nitawekea kidole, shemeji," Pascasie alisema. "Ile ingine hapana. Hata ukilala hapa."

"Shemeji, wewe iko mugumu."

"Iko mugumu, ndiyo. Niko navunja kokwa toka asubuhi."

Mwasiti akacheka kwa pua, kisha akajizuia. Hubert aliitandaza karatasi juu ya mkeka, akapiga magoti mbele yake, penseli mkononi. Hakuandika. Alilitazama neno lake kama mwanafunzi anayetazama hesabu ambayo mwalimu ameizungushia duara bila kusema kosa liko wapi.

"Soma, da Mwamini," alisema bibi Esha. "Muwache afikiri. Kelele yako itamusaidia."

"Kitabu hiki hakifai, bibi."

"Tumejua. Soma. Labda huko mbele atakumbuka."

Mwamini akafungua ukurasa wa tisini na nane. Sura mpya ilianza kwenye mji ambao hajawahi kuusikia, na mtu mpya mwenye jina refu. Akashusha pumzi, akaanza. Upepo wa mchana ukapanda kutoka ziwani, ukaingia kibandani, ukainua pembe ya karatasi. Hubert hakuwahi kuikamata. Pascasie ndiye aliyenyoosha mkono, akaweka jiwe lake la kugongea juu yake, mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Akakaa hivyo, mikono yake mitupu imelala mapajani, akisikiliza.