Kadi ya Batulo

Kila saa saba mchana kadi mbili zilining'inia shingoni mwa Lenah, yake na ya Batulo, na hakuna aliyeona ajabu. Watu wa kiwanda kile cha magodoro walikuwa wamezoea. Huyu anampigia huyu kadi, yule anamwitikia yule jina, siku zinakwenda. Wakubwa walibandika tangazo ukutani kwamba kadi haiazimwi, atakayeshikwa na ya mwenzake aende nyumbani. Tangazo likabaki palepale likila vumbi. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwahi kupanga foleni getini na nusu saa ya chakula inayoyoma.

Wala nia yao haikuwa mbaya, tusimwonee mtu. Batulo aliswali adhuhuri, na mahali safi pa kutandika mswala palikuwa stoo ya vitambaa tu, nyuma ya marobota. Sheria ilikataza mtu kubaki ndani wakati wa chakula. Basi Batulo alimwachia Lenah kadi, Lenah akazigusisha zote mbili kwenye mashine ya geti, tit, tit, kisha akavuka barabara kununua chapati na madondo ya wawili.

"Leo tena umetoka na pacha wako asiyeonekana?" Mzee Shiundu, bawabu, alimtania kila siku. Batulo alipomaliza kuswali, ni Shiundu huyohuyo aliyemfungulia geti. Miaka miwili walikula sahani moja, Lenah wa Mowlem na Batulo wa Majengo, chanda na pete.

Jumanne ile Batulo alivua kadi yake kama kawaida.

"Niombee na mimi," Lenah alimwambia.

"Nikuombee nini?"

"Chapati zisiwe baridi."

Batulo akacheka, akaenda bombani kutawadha.

Lenah alikuwa bado anangoja madondo alipoona watu wanatazama juu ya kichwa chake. Aligeuka. Moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye paa la kiwanda, na sponji ikishika moto, jamani, haingoji mtu. Alikimbia sahani ikiwa mkononi.

Uwanjani mbele ya geti wafanyakazi walikuwa wamekusanyika. Matheka, msimamizi wao, alishika karatasi ya majina, akaanza kuita.

"Andati?"

"Niko!"

"Batulo?"

"Yuko," Lenah akaitika.

Lilimtoka tu. Ndivyo alivyomwitikia asubuhi zote Batulo alipochelewa kufika. Matheka akatia alama, akaendelea, macho yake kwenye karatasi.

Hapo ndipo Lenah alipoanza kutafuta ushungi wa kijani wa Batulo katikati ya watu. Hakuuona. Akasimama kwa ncha za vidole, akatafuta tena. Filsan akaitwa, akaitika. Job akaitika. Lenah alijua kabisa alichopaswa kusema, lakini kulisema jambo lile kulikuwa ni kuzitoa kadi mbili mbele ya msimamizi, na yeye na Batulo wangefutwa kazi siku ileile. Atakuwa ametoka, alijiambia. Shiundu amemfungulia. Lazima ametoka. Majina yakaitwa mpaka la mwisho, na yeye amefumba mdomo.

"Wote wako nje," Matheka aliwaambia wazima moto walipofika. "Mashine imesema, na wenyewe wameitika."

Kwa hiyo mipira ya maji ikaelekezwa kwenye paa, na hakuna aliyeingia.

Ni pale Lenah alipomwona Shiundu naye akitazama huku na huku, amekunja uso, ndipo sahani ilipomponyoka. "Yuko stoo," alisema. Sauti haikutoka. Akasema tena, akipiga mayowe sasa, akimvuta mzima moto mmoja kwa mkono.

Walimkuta karibu na mlango wa stoo. Hakuwa kwenye mswala. Alikuwa amejaribu kutoka, na moshi ukamshinda.

Siku tatu baada ya maziko Lenah alikwenda Majengo. Mama yake Batulo alimkaribisha ndani, akamshika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Lenah wa chapati. Alikutaja kila jioni. Alisema bila wewe asingepata nafasi ya kuswali. Mungu akulipe, mwanangu."

Lenah alitamani ardhi ipasuke. Akatoa kadi mfukoni. "Mama, hii ilikuwa kwangu. Niliigusisha getini, mashine ikaonyesha ametoka."

Mama aliipokea, akaifuta picha kwa ncha ya leso.

"Hilo najua. Mlifanya hivyo siku zote. Lakini kuna jambo silielewi. Msimamizi wenu alikuja kutupa pole. Aliapa kwamba aliita majina yote, moja moja. La mwanangu alipoliita, akasikia ameitikiwa."

"Ndiyo, mama."

"Mtoto yuko ndani ya moshi, na ameitika nje. Siku tatu hizi silali, najiuliza aliitika kwa sauti gani."

Mlangoni watoto wa jirani walikuwa wanacheza. Lenah aliwangoja wapite.

"Kwa yangu, mama."

Mama aliifunga kadi kwenye ncha ya leso.

"Haya," alisema, na safari hii hakumwita mwanangu.