Pale Santuri Ilipokwama

Dalmas alikuwa dereva mzuri na mwongo wa wastani: si wa kuvunja nyumba, wa kuipaka rangi tu. Mawakala walimtoa Kakamega miaka ile vijana wakipakiwa kwenda Uarabuni kama magunia ya mahindi, akaangukia kwa familia moja ya mtaa wa Malaz, Riyadh. Jioni alikaa mlangoni mwa chumba chake cha uani akipiga gitaa. Rispah, yaya wa nyumba hiyo, alisikiliza dirishani mwa jikoni huku akisugua sufuria iliyotakata zamani.

"Wimbo huu nimekutungia wewe," Dalmas alimwambia. Na Rispah, aliyekwisha kukataa wanaume wenye ng'ombe, akakubali kuolewa mkataba ukiisha.

Kumbe wimbo ulitoka kwenye santuri ya Elkanah, babu yake Dalmas, iliyoimbwa na Mmarekani mweusi: gitaa moja, na huzuni ya kutosha kijiji kizima. Santuri yenyewe ilishavunjika. Nani angemshtaki?

Likizo ikafika, Dalmas akaipeleka familia kwa gari hadi Jeddah, Rispah akiwemo. Huko Balad, mji wa kale, madam aliingia duka la vitambaa. Dalmas na Rispah wakabaki kivulini na mifuko. Katika duka la jirani, mzee muuza vitu vya kale alikuwa akijaribu gramafoni. Sindano ikashuka, gitaa likalia.

Rispah akageuka polepole. "Dalmas, naye huyo alimtungia Rispah yupi?"

Dalmas alitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza avione. Masikio yalimwaka. Kisha santuri ikafika pale ambapo yeye hurudia mara tatu, ikapita moja kwa moja. Ndipo akaelewa: ya babu ilikuwa na mkwaruzo, sindano ikikwama hapo. Ameiba wimbo, akaiba na ubovu wake.

"Ni wa santuri ya babu. Nilikudanganya."

"Beba mifuko," Rispah akajibu.

Waliporudi Malaz, Rispah akalifunga dirisha la jikoni. Naye Dalmas akalifunika gitaa kwa shuka kama maiti. Siku moja jioni dirisha la jikoni likafunguka.

"We bwana, piga. Lakini kwanza sema ni wa nani."

"Wa Mmarekani."

"Sauti. Mtunza bustani hajasikia."

Dalmas akasema kwa sauti. Mtunza bustani akazima mpira wa maji, asikie vizuri.

"Na mkataba ukiisha?" Dalmas akauliza, kichwa chini.

"Tutaona. Ila pale unapokwama, ukwame. Hapo yule Mmarekani hakufika."

Akapiga. Alipokwama, masikio yalimwaka upya, mara zote tatu. Jikoni, sufuria safi ikaanza kusuguliwa.