Milango ya Kijani

Dada yangu Aziza aliingia kwa Tania akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Nyuma yake Karima, mke mwenzake, mdogo kwake kwa miaka mingi. Mimi nilikuja mwisho.

Nilikuwa nimerudi safarini juzi tu, lakini neno la shemeji yangu Mahmoudi, mume wao, nililisikia kwa masikio yangu kwenye simu: "Nitumieni picha moja ya jikoni ile tutajenga, mukubaliane wote wawili. Mukishindwa, najenga ukuta katikati ya parcelle, kiwanja yetu, nyumba inabaki ya Karima, na Aziza anarudi kwao Ubundu." Ubundu Aziza hana mtu tena. Mimi mwenyewe huko sina hata kitanda.

Tania anachora nyumba kwa kompyuta, kwenye chumba kidogo cha mtaa wa Kabondo, jenereta inanguruma nje. Jiko alikuwa ameshalichora: meko mawili ya makala, makaa ya kupikia, moja kila upande, kila mke na lake, na makabati ukutani. Lakini yote yalikuwa ya kijivu, kama udongo usiopakwa kitu. Ilibaki kuweka mbao, vigae na rangi, halafu mashine itoe ile wanaita rendu, picha inayofanana na kitu cha kweli.

"Mama Aziza, tuanze na wewe."

"Kijani. Ile ya pondu, majani ya muhogo."

Tania akabonyeza mlango mmoja wa upande wa Aziza. Milango yote ikageuka kijani, ya kushoto na ya kulia.

Karima akasimama. "Eh! Donc mimi niko mugeni kwa jiko yangu?"

"Hapana, mama. Nilichora mulango moja tu, hizi zingine ziko kopi yake. Ukipaka moja, zote zinafuata. Nitazitenganisha."

"Paka yangu kwanza. Nyeupe, kama ya televizyo."

Akabonyeza. Yote nyeupe.

"Voilà! Usitenganishe kitu. Hivyo iko muzuri."

Nilifungua mdomo, Aziza akanikanyaga mguu. Karima alikuwa ameshatupa mkoba wake begani. Hakuhitaji kugombana. Akitoka tu, picha hakuna, na nyumba ni yake. Sote mle ndani tulijua.

"Bon," Aziza akasema polepole. "Nyeupe, nakubali. Lakini Tania, binti yangu, weka na masizi."

"Masizi?"

"Ya makala. Kwa ukuta, mpaka kwa milango. Masizi ya mwaka moja."

"Mama, hakuna mutu anaweka masizi kwa rendu! Client atakimbia."

"Client ni mimi. Weka."

Tania akanitazama, mimi nikatazama dari. Masizi hakuyapata kwenye kompyuta yake. Akachukua rangi ya jiwe jeusi, akaipunguza nguvu, akaipandisha ukutani juu ya meko, akaipitisha kwenye kingo za milango na vishikio. Kisha tukangoja. Picha ilianza na chengachenga, kama mchanga, ikawa inasafika kidogo kidogo. Nje jenereta ilikohoa.

Ikatokea. Weupe wote ule, na juu ya kila meko weusi umepanda umelamba milango. Vishikio vimechafuka, kama vilishikwa na mikono ya mafuta.

Karima akainama hadi pua karibu iguse kioo cha kompyuta. "Hii iko jiko ya nani? Ya malewa, pale wanauza chakula sokoni?"

"Ya kwetu. Ama wewe utapika na courant, na umeme? Ile inakuja kutusalimia tu na kurudi?"

"Na nani atasugua?"

"Nikiwa hapa, siye wawili. Nikiwa Ubundu..." Aziza akaachia hapo.

Jenereta ikakohoa tena. Karima akainuka. Halafu akamnyang'anya Tania kipanya mkononi.

"Nyeupe itanimaliza na kusugua. Ile kijani iko wapi?"

"Hapa, mama."

Akabonyeza mlango mmoja, kwa nguvu, kama anayeua mende. Yote ikageuka, kushoto na kulia.

"Masizi, toa. Mahmoudi asione."

Tania akayafuta, na picha mpya ikaenda kwa Mahmoudi kupitia simu ya Karima. Jibu la Mahmoudi likaja kwa sauti: "Nani alichagua hii rangi?"

Karima akamtazama Aziza. Aziza akaweka mkoba wake chini, mara ya kwanza tangu tuingie.

"Siye wawili," Karima akaiambia simu. "Na ile ukuta yako, jengea kuku."