Vidole Viwili vya Ziada

Saa mbili na dakika kumi, Ijumaa asubuhi, Mama Pindo alishika kiwembe na kuanza kufumua namba 2217 kutoka kifuani mwa fulana yake ya kukimbilia. Wakimbiaji wengine hubana namba kwa pini. Yeye alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minane, na kwake pini ni ya kushikilia nguo mpaka ishonwe.

Namba ilikuwa ya buluu, ya marathoni nzima. Ofisi ya mashindano ingepokea mabadiliko mpaka saa kumi jioni: unarudisha ya buluu, unapewa ya kijani, ya nusu. Mbio zingeanza Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, na lango lingefungwa saa tano kamili. Atakayefika baada ya hapo hana medali wala jina kwenye orodha. Mwaka uliopita, akiwa na miaka sitini na mmoja, basi la kuokota wachelewaji lilimchukua kwenye kilomita ya thelathini na nane. Alikaa kiti cha mbele, akawatazama wenzake kupitia kioo. Kiti kile hakukitaka tena.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliingia dukani kuchukua ovaroli aliyoileta kupunguzwa miguu. Alikuwa mwashi, na mdomo wake ulijenga haraka kuliko mikono.

"Shemeji, leo unafumua? Au biashara imegeuka?"

"Narudisha namba. Nakimbia nusu."

"Nusu? Miezi saba umewabwekesha mbwa wa mtaa mzima, leo unaniambia nusu?"

Mama Pindo alimsogezea daftari. "Hesabu haina shemeji. Soma mwenyewe."

Mwashi akasoma. Mizunguko thelathini kuzunguka ukuta wa kiwanda cha magodoro, kila mzunguko kilomita moja, saa tatu na dakika thelathini na tisa. Hiyo ni dakika saba na sekunde kumi na nane kwa kilomita. Kwa mwendo huo, marathoni nzima ingemchukua saa tano, dakika nane na sekunde moja.

"Na hiyo kilomita nani alikupimia?"

"Nilipima mwenyewe, kwa kamba ya mita hamsini. Nimeilaza mara ishirini."

"Simu ya binti yako je?"

"Simu yake siku moja inasema mita elfu moja ishirini na sita, kesho yake elfu moja thelathini na saba. Kipimo kinachobadilika si kipimo."

"Na kamba yenyewe ulipimia wapi?"

"Hapa mezani. Kwa rula yangu ya mita."

Mwashi alichomoa uzi wa kujengea mfukoni. "Hebu nipimie mita moja."

Mama Pindo alinyoosha uzi juu ya rula, kutoka ncha hadi ncha. Mkono wake wa kulia ulipofika mwisho haukusimama. Ulisogea mbele upana wa vidole viwili, ndipo ukabana.

"Rudia," mwashi alisema.

Akarudia. Vidole viwili vilevile.

"Shemeji, hivyo vidole ni vya nini?"

"Ziada ya mshono," alijibu bila kufikiri. Kisha akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mteja.

Mazoea yana taabu. Katika miaka thelathini na minane hakuwahi kukata kitambaa bila kuacha ziada, na mkono haukuuliza kama kamba itashonwa.

Mwashi alikuwa amekaa chini, akicheka mpaka machozi. "Mwanamke ameiachia barabara pindo!"

"Ukimaliza kucheka, leta futi yako ndefu."

Waliinyoosha futi ya chuma ya mita hamsini kando ya kamba, mbele ya duka. Kamba ilizidi kwa mita moja na nusu. Mwashi aliona imetosha. Mama Pindo hakuona hivyo. Akamburuta hadi kiwandani wakapima ukuta wote, wapakiaji wa magodoro wakiuliza kama kiwanda kinauzwa. Mzunguko ulikuwa na mita elfu moja na thelathini.

Alirudi mezani, akapiga hesabu mara tatu. Dakika saba na sekunde tano kwa kilomita. Marathoni nzima: saa nne, dakika hamsini na tisa na sekunde tatu. Akampigia simu binti yake, muuguzi.

"Mama, sekunde hamsini na saba hizo ni za kufunga kamba za viatu tu."

"Basi nitazifunga vizuri kabla ya kuanza."

"Na mwili je?"

"Mwili umekimbia zaidi ya nilivyouambia, na haujalalamika."

Binti alicheka. "Haya. Mimi nitakuwa na maji kwenye kilomita ya arobaini."

Saa nne kasorobo Mama Pindo alitunga uzi na kuishona namba upya.

Jumapili alikimbia kwa saa ya mkononi, si kwa moyo. Watu walimpita kwa mamia katika kilomita tano za kwanza, akawaacha wapite. Mwenda pole hajikwai. Kwenye ya thelathini alianza kuwapita yeye. Kwenye ya thelathini na nane basi lilikuwa nyuma yake sana, hata mlio wake hausikiki, na akajikuta anatabasamu peke yake, meno yote nje.

Binti alimpa maji kwenye ya arobaini. Saa ilisoma 4:43:20. Mwashi aliyekuwa pembeni alianza kukimbia naye kando ya barabara, kwa ndara.

"Shemeji, ongeza!"

"Wewe ongeza. Umeanza sasa hivi na tayari unahema."

Baada ya mita mia mbili mwashi alishika kiuno, akabaki.

Mama Pindo alikanyaga mstari wa mwisho saa tano kasoro dakika moja na sekunde kumi na tisa. Mwamuzi alimvisha medali. Saa tano kamili, mwamuzi huyohuyo alivuta lango na kulifunga.