Zambarau Ipi, Waridi Ipi

Wodini walimwita Sindano, kwa sababu watoto hawakulia akiwachoma. Alikuwa na miaka arobaini na sita, ishirini na miwili kati ya hiyo ikiwa imeishia kwenye uuguzi, na mwaka huo alirudi chuoni kusomea ngazi ya juu pamoja na vijana ambao wengi angeweza kuwazaa. Hakuwa mvivu. Somo la seli na magonjwa alilisoma kwenye foleni, akalisoma kwenye kiti cha kinyozi. Hata bafuni mkewe alimsikia akijihutubia habari za utando wa seli.

Ndiyo maana kilichomtokea maabara wiki ya sita kilimvuruga akili.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi. Kila mwanafunzi alipewa kioo chenye bakteria waliokwisha kutiwa rangi, akiangalie kwa hadubini, kisha aandike wa zambarau ni wangapi na wa waridi ni wangapi. Wa zambarau wana ukuta mnene unaoishika rangi ya kwanza isitoke. Wa waridi ukuta wao ni mwembamba. Rangi ya kwanza huoshwa ikaisha, ndipo ya pili ikaingia. Dawa inayowaua hawa huenda wale isiwatekenye hata kidogo. Sindano aliyajua hayo kama jina lake.

Aliinama akachungulia. Aliona vijiti na viduara, vyote rangi moja, kama vumbi la bluu. Akafuta lenzi, akabadilisha jicho. Vumbi lile lile.

"Binti," alimnong'oneza msichana wa miwani aliyekaa naye meza moja, "kioo changu hakikutiwa rangi ya pili."

Binti akachungulia. "Mbona kimetiwa, baba? Waridi hao hapo, wamejaa tele."

"Wapi?"

"Si hivyo vijiti!"

"Vijiti si sawa na viduara?"

Binti alicheka, akidhani mzee ameamka na utani. Sindano naye akacheka ili asionekane kituko, kisha akaandika vijiti vyote waridi, viduara vyote zambarau. Akapata. Aliporudishiwa karatasi alijisikia kama mtu aliyevuka barabara amefumba macho.

Kioo cha pili kilikuwa na vijiti vya zambarau. Hapo hakupata kitu.

Mwalimu wa maabara, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi, alimwita pembeni wenzake walipokuwa wanavua makoti.

"Kaka, ulikisia."

"Niliangalia, mwalimu. Niliangalia mpaka jicho likatoa machozi."

Mwalimu hakubishana naye. Alifungua kabati, akatoa kijitabu kilichochakaa pembe, akakiweka mezani. Kila ukurasa ulikuwa na duara lililojaa madoa. "Nisomee namba."

"Namba gani?"

"Iliyoandikwa hapo."

Sindano alikigeuza kijitabu, akakisogeza dirishani. "Hapa hapajaandikwa kitu."

Walifungua kurasa kumi na nne, akasoma tatu. Mwalimu alikifunga taratibu, akavuta kiti karibu. Alimweleza kwamba nyuma ya jicho kuna seli za aina tatu zinazotambua rangi, na kwamba maagizo ya kutengeneza aina mbili kati ya hizo, zinazotenganisha nyekundu na kijani, yamo kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo X mbili. Moja ikiwa na kasoro, nyingine humsitiri. Mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikija na kasoro, hana pa kukimbilia.

"Kwa hiyo mimi sioni rangi?"

"Unaziona. Ila baadhi unaziona kama moja."

"Tangu lini?"

"Tangu tumboni, kaka."

Sindano alitoka nje akasimama mbele ya jengo la chuo, akautazama ukuta. Wenzake huuita wa kijani. Naye siku zote aliuita wa kijani. Lakini aliuitaje? Aliuona, au aliwasikia? Akalitazama shati lake, akakumbuka kwamba mkewe ndiye humpangia nguo, na kwamba kila akijipangia mwenyewe watoto huangua kicheko. Alidhani wanamcheka uzee.

Kisha mawazo yakageukia wodini. Miaka ishirini na miwili ameandika ripoti za zamu: kidonda chekundu, ngozi ya kawaida, makohozi safi. Akijaribu kukumbuka aliyajuaje yote hayo, aliona kwamba kidonda alikijua kwa joto la ngozi na kwa harufu. Mengine aliuliza. "Mama, wewe unaionaje rangi yake leo?" Ndugu wa wagonjwa walimpenda kwa hilo, wakasema muuguzi huyu anatushirikisha. Naye aliamini ni adabu ya kazi.

Lakini kulikuwa na yule mzee wa kitanda cha dirishani, miaka kadhaa iliyopita. Zamu ya asubuhi Sindano aliandika choo cha kahawia, cha kawaida. Zamu ya mchana mwenzake akaandika damu mbichi, mzee akakimbizwa hospitali kubwa. Wote walisema damu imeanza mchana. Je, ilianza mchana? Aliizungusha siku ile kichwani mara mia, na kila mara choo kilikuwa kahawia.

Jumamosi aliazima kijitabu, akaenda kwa mama yake. Alimkuta sebuleni na mjomba, mdogo wake mama, fundi mwashi aliyestaafu ambaye ukoo mzima ulimwita Mbishi. Sindano aliwaamkia, akakaa, akaeleza kama alivyoelezwa.

Mama alishika kifua. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekupa ugonjwa?"

"Si ugonjwa, mama. Na hukujua."

"Mimi naona rangi zote! Mdogo wako wa kiume naye anaona. Mbona yeye sikumpa?"

"Una X mbili. Kila mtoto unampa moja. Mdogo wangu aliangukia nzima, mimi nikaangukia hiyo nyingine."

"Sasa hiyo nyingine mimi niliitoa wapi?"

Sindano alikuwa amejiandaa kujibu maswali ya mtihani, si hili, mama akiwa anamtazama usoni. Badala ya kujibu alimpa mjomba kijitabu. "Mjomba, unaona nini hapo?"

Mjomba alikisogeza mbali, akakirudisha karibu. "Madoa. Mtu kamwaga dengu."

"Namba huioni?"

"Namba ipo wapi humu?"

Mama alinyoosha shingo begani kwa mdogo wake. "Si saba hiyo? Kubwa hivyo!"

Wanaume wawili walitazamana. Basi X ile ilitoka kwa bibi, aliyewazaa mama na mjomba.

Baadaye mama alisimulia kwa sauti ndogo. Mjomba alipokuwa kijana aliwekwa kwa fundi cherehani ajifunze ushonaji. Siku moja alishona suruali ya kahawia ya mteja kwa uzi wa kijani, mshono mzima kutoka kiunoni hadi kwenye pindo la mguu. Fundi akamfukuza. Baba yao akamchapa akidhani ni dharau, na kadiri alivyochapwa ndivyo alivyoshikilia kwamba uzi ni ule ule. Hapo ndipo alipoitwa Mbishi.

"Na mimi nililicheka jina hilo," alisema mama. "Nililianzisha mimi."

Mjomba alikuwa bado anafungua kurasa. "Nilijua mmeamua kunionea," alisema. "Halafu baadaye nikaona labda kweli mimi ni mjinga. Nikabaki hapo hapo." Alimtazama Sindano. "Sasa nikuulize wewe msomi. Ule uzi ulikuwa wa kijani kweli?"

"Sijui, mjomba. Hata ningekuwepo nisingejua."

Jumatatu Sindano alikwenda kwa matroni wa wodi yake, akamwambia yote, pamoja na mzee wa kitanda cha dirishani. Matroni alimsikiliza, akaagiza faili litafutwe. Halikupatikana, ya miaka ile yalishaondolewa. Walikubaliana kwamba kuanzia siku hiyo kila alama ya rangi atakayoiandika itatazamwa na macho mengine na kutiwa saini. Chuo nacho kilimruhusu kwenye mtihani wa maabara akae na mtu wa kumtajia rangi, ila maana ya rangi hizo aieleze mwenyewe. Alifaulu vizuri.

Binti yake mkubwa ana mimba sasa. Sindano anajua kwamba X yake moja amempa binti huyo bila shaka, na kwamba mtoto akiwa wa kiume, ni nusu kwa nusu. Hesabu hiyo anaiweza. Asichojua ni amwambie binti lini, na aanzeje. Juzi binti alileta vitambaa viwili vya mtoto, akamwuliza baba kipi kizuri zaidi. Sindano alivishika vyote viwili, akavipapasa kwa vidole, akasema kile laini.