Injini Inayovuta

Mjukuu wangu Andongwisye alitaka pikapu ya marehemu babu yake itembee tena, ibebe kahawa za watu hapa Nanyala. Hakutaka kurudi kwenye mashimo ya dhahabu ya Mkwajuni, yaliyomfukia rafiki yake. Injini ya pikapu ilikuwa imekufa, tukauza ng'ombe. Akaenda mpakani Tunduma, akarudi na injini ya Kijapani na gia boksi yake.

Fundi Makene aliizunguka, kisha akauliza, "Muuzaji ulimwambiaje?"

"Nilimuuliza, inavuta? Akasema, inavuta sana, kaka!"

"Hakukudanganya. Hii ni ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Pikapu yenu inasukumwa na ya nyuma. Shafti ya kupeleka nguvu nyuma tutaifunga wapi?"

"Mimi niliuliza nguvu!"

"Najua, mdogo wangu. Hata mimi ningeuliza hivyohivyo."

Fundi hawezi kuuliza hivyo. Alisema tu ili mjukuu wangu asione aibu mbele yangu.

"Tukitafuta gia boksi nyingine?" niliuliza.

"Bibi, injini yenyewe hukaa kwa kukingama. Humu haiingii. Na muuzaji wa mpakani utampata wapi tena?"

Hatukuwa na ng'ombe mwingine. Asubuhi Andongwisye alifunga begi la kurudi Mkwajuni. Makene alimpakia kwenye pikipiki mpaka stendi, akakataa nauli. Kabla hawajaondoka nilimwambia mjukuu wangu asishuke shimoni mvua ikinyesha.

"Sawa, bibi," alijibu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto.