Bomba Lisilokuwepo

Miguu ya mama yake ilikuwa na vidonda visivyopona, na Mchora Ramani alijua vilikotoka. Kila mvua iliponyesha, kiwanda cha rangi kule juu kilifungulia uchafu wake kwenye mfereji wa maji ya mvua, ukateremka zambarau mpaka mlangoni kwa mama. Walipokwenda kulalamika, mwenye kiwanda, ambaye mtaa mzima ulimwita Viatu Vyeupe, alimtazama mama miguuni akasema, "Uzee huo, bibi." Neno lile binti alilibeba miaka na miaka.

Baadaye idara ya mifereji ikamwajiri aiingize mifereji yote kwenye ramani ya kompyuta: kila shimo, kila bomba, na maji yanakoelekea. Bomba la kiwanda akalichora jekundu, nene. Kesho yake mkuu wa idara akamwita na, macho yakiwa dirishani, akamwambia mstari ule unachafua ramani, aufute. Hakuhitaji kutajiwa aliyelalamika. Viatu vyeupe vyenyewe alikuwa amepishana navyo kwenye ngazi.

Akaufuta. Wenzake wakamwita kondoo, naye akajifanya hamnazo. Alijua wanaofuata ni mafundi wa kuziba, na hao hawana mjadala. Huingia mferejini na ramani kwenye simu, na bomba lolote lisilokuwa kwenye ramani kwao ni la wizi. Hulishindilia zege wakaenda zao.

Mvua ikaja. Kiwandani wakafungulia, kama kawaida yao.

Asubuhi Viatu Vyeupe aliingia ofisini bila hodi, suruali imelowa hadi magotini, viatu zambarau. Akafoka kwamba uchafu wote umerudi, umejaa ghalani, umejaa mpaka chini ya meza yake, kwa sababu wameziba bomba lake.

"Bomba gani, mzee wangu? Kwenye ramani hamna bomba."

"Lirudishe, binti. Nakuomba."

Binti akamgeuzia kioo cha kompyuta. Atalirudisha kwenye ramani ili mafundi walizibue, alisema kwa upole, ila mwenye bomba aonyeshe mwenyewe linapoanzia na aseme linamwaga nini. Mkaguzi wa mazingira, aliyekuwa ameitwa mapema na Mchora Ramani, alikuwa ameketi pembeni, anasikiliza.

Simu ya Viatu Vyeupe ikaita. Ghalani maji yalikuwa yakipanda. Akanyoosha kidole, akaonyesha, akasema yote. Kisha akainama kujikuna.

"Miguu inaniwasha," alinong'ona.

"Uzee huo, mzee," akamjibu, akachora mstari mwekundu.